Kioo Kilichopasukia Ndani ya Sanduku la Paini

Juzi nilimpelekea fundi wa hapa Iyunga laptopu yangu iliyopasuka kioo. Aliyeipasua ni mimi mwenyewe. Nilifunga mfuniko huku kalamu imelala juu ya vitufe, na kwa umri huu sina wa kumsingizia. Fundi aliiwasha kwanza ili aone ukubwa wa balaa, na hapo ndipo nilipoliona tena lile doa jeusi katikati ya kioo, likiwa limezungukwa na mistari myembamba ya kijani na waridi. Ikanirudia hofu ya mtoto wa miaka saba, iliyonivizia miaka yote hii na kunikuta nimekaa kwenye benchi la fundi. Yeye akadhani nawaza gharama. Akanituliza, "Dada, usiwe na wasi, hiki kitu kidogo." Nikacheka peke yangu, maana doa la kwanza la namna ile nililowahi kuliona halikuwa kitu kidogo hata kidogo.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Mafinga. Wenzangu mliokulia kule mnaijua Julai yake. Ukungu unashuka asubuhi na kukaa mpaka watu wasahau kuna jua, na nyumba nzima inanuka moshi wa maranda, kwa sababu majiko yetu yalishindiliwa maranda ya viwanda vya mbao badala ya mkaa. Baba yangu alikuwa Mhehe, fundi seremala, mwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Mama yangu alikuwa Mnyakyusa, mwalimu wa darasa la kwanza, na alikuwa anajiendeleza chuo kwa kusoma wakati wa likizo. Kwa miaka minne, wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye alipanda basi kwenda Mbeya na begi la vitabu. Mwaka huo ndio ulikuwa wa mwisho, na kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, ambacho nyumbani tulikiita "ile kazi ya Mama."

Ile kazi ya Mama ilikuwa ripoti ya utafiti. Ilihusu watoto wanaoanza shule wakiwa hawajui lugha nyingine zaidi ya Kihehe cha nyumbani. Aliiandika kwenye laptopu aliyoletewa na mjomba wangu wa Mbalizi, laptopu nzito iliyokwisha kutumiwa na watu wengine kabla yake, yenye herufi zilizofutika kwenye baadhi ya vitufe. Mtaa mzima uliiita laptopu. Mama, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa Kiswahili na alipenda kutukera, aliiita kipakatalishi. "Nani amegusa kipakatalishi changu?" Baba alikuwa akijibu, "Mimi nimegusa laptopu, hicho kingine sikijui."

Mimi nilipenda kukaa miguuni pake nikimtazama akiandika. Nilikuwa na nadharia yangu. Niliamini kwamba kila herufi aliyoibonyeza ilitoka kwenye kitufe, ikapita chini kwa chini na kwenda kukaa ndani ya kioo, na kwamba maneno yote ya Mama yanaishi mle, yamebanana, yamepangwa foleni. Ndiyo maana kila akiandika mengi yale ya juu yalipanda na kupotea: yalikuwa yanasogea kuwapisha wenzao. Sikumweleza mtu jambo hili. Lilikuwa dhahiri mno, nilidhani kila mtu analijua.

Baba naye alitaka kutoa mchango wake kwenye elimu ya mke wake, na mchango wa seremala ni mbao. Alimtengenezea Mama sanduku la kuhifadhia laptopu, la paini, lenye mfuniko wa bawaba na komeo dogo linalong'aa. Alilifanya kwa siku mbili, kwa siri, akaliweka mezani Jumapili tuliporudi kanisani. Mama aliligusa pembe zote. Lilinuka utomvu mpaka ukauhisi kooni. Alisema "Ndaga, Baba Lusungu, ndaga," yaani asante kwa lugha ya kwao, na Baba akajifanya anatafuta kofia yake.

Sanduku lilikuwa zuri, ila lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, Baba alisahau kuwa laptopu ina chaja, kwa hiyo lile donge la chaja lilibidi lilazwe juu ya mgongo wa laptopu. Ya pili niliielewa baadaye. Wiki chache zilipopita, mfuniko ulianza kupinda. Upande mmoja uliinuka, komeo likawa halifiki mahali pake. Mama hakutaka kumwambia Baba, asije akaona zawadi yake imedharauliwa. Alikuwa akilifunga kwa upole, komeo likining'inia, na kuweka Biblia juu.

Ijumaa moja mchana Mama aliniambia, "Lusungu, funika sanduku langu, vumbi linaingia," akaenda kisimani. Nilitaka kulifunika vizuri kuliko yeye. Na nilijua namna sanduku lisilotaka kufungwa linavyofungwa, maana nilikwisha kuwaona binamu zangu wakijiandaa kwenda bweni: tranka ya bati ikijaa, unaikalia. Mmoja anakaa, mwingine anabana komeo. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nilikaa, nikarukaruka kidogo, nikainama na kubana komeo kati ya magoti yangu. Likashika. Ndani kukasikika kitu, kakitu kadogo tu, kama mtu aliyevunja biskuti chumba cha pili. Nilidhani ni mbao inayojinyoosha.

Jioni Mama alifungua, akawasha. Sikumbuki alisema nini kwanza, nakumbuka tu alivyoita "Juba!", neno ambalo Mnyakyusa husema akimwita mama yake mzazi hata kama yuko mbali. Nilichungulia chini ya kwapa lake. Katikati ya kioo palikuwa na doa jeusi, na doa lile lilikuwa linakua. Taratibu sana, lakini lilikuwa linakua, na pale penye doa hapakuwa na neno hata moja.

Nikajua. Maneno ya Mama yamemwagika. Yalikuwa yamepangwa vizuri mle ndani, mimi nimeyakalia, yamevunjikavunjika yote na kugeuka wino.

Baba aliitwa kutoka karakana. Alisimama na mbao mkononi, akatazama kioo, akatazama sanduku, akapitisha kidole kwenye ule mfuniko uliopinda. Mama alikuwa ameketi na mikono mapajani. "Jumatatu asubuhi niikabidhi Mbeya," alisema. "Msimamizi alishanipa muda wa nyongeza mara mbili. Bado sura ya mwisho. Nisipoikabidhi narudia mwaka mzima." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Mwaka mwingine siwezi, Baba Lusungu. Nimechoka." Hakuuliza nani amefanya. Kwa mtoto hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote, kuwa na kosa lisilotafutiwa mwenyewe.

Asubuhi, walipokuwa jikoni, nilifanya nililoweza. Niliichukua laptopu, nikaiinamisha upande wa kushoto, nikaishikilia hivyo nikihesabu mpaka mia. Nilifikiri wino ukirudi ulikotoka, herufi zitajipanga tena. Nikaiinamisha kulia. Nikahesabu tena. Mama akanikuta. "Unafanya nini?" Nikasema naipangusa vumbi. Akaichukua, akaifunga kwenye kitenge, tukaenda stendi kwa fundi simu.

Fundi simu alikuwa kijana wa Kikinga aliyeitwa Sanga, mwenye kibanda kisichozidi ukubwa wa kabati. Aliiwasha, akainamisha sikio akasikiliza, ndipo akakumbuka kusalimia kwa salamu ya kule. "Kamwene, Mwalimu. Hiki kioo kimekwenda. Sina, na Mafinga nzima hutakipata. Tuagize Dar, siku nne, tano."

"Jumatatu, Sanga."

"Jumatatu haiwezekani." Alikuna kidevu. "Lakini Mwalimu, kioo ni kioo tu. Mambo yako hayakai kwenye kioo. Yako huku chini, mazima." Akaigonga laptopu tumboni. "Tukipata tivii yenye tundu la huu waya, unaandika kama kawaida, unasomea kwenye tivii."

Nilimsikia, ila sikumwamini. Aliongea kama watu wazima wanavyoongea msibani.

Tivii yetu ilikuwa ya zamani, haina tundu hilo. Steshenari palikuwa na kompyuta, lakini ilikuwa na virusi vinavyomeza kazi za watu, na Mama alishaonywa. Tivii moja tu ya karibu ingefaa, na ilikuwa ukutani kwenye banda la mpira la Mgaya. Mama alisita. Mwalimu wa kike, mzee wa kanisa wa Kilutheri, aingie banda la mpira Jumamosi! Sanga akaangalia saa. "Saa saba hii. Mechi saa kumi. Mgaya hana neno, twende."

Mgaya hakuwa na neno kweli, ila alikuwa na sharti. "Saa kumi kamili nachomoa waya, Mwalimu. Siku ya mechi hawa watu sio watu."

Banda lilikuwa la mabanzi, yale magome ya pembeni yanayobaki gogo likipasuliwa, na mwanga ulipenya kila mahali. Mama alikaa benchi la mbele, laptopu mapajani. Sanga akachomeka waya, akabonyeza vitufe viwili. Tivii ikawa nyeusi. Ikawa ya bluu. Kisha kwenye ukuta ule, kwa ukubwa ambao sijapata kuuona, yakatokea maneno ya Mama. Mstari kwa mstari. Hakuna lililovunjika.

"Hayajamwagika!" nilipiga kelele. Nikaanza kulia kwa furaha, na machozi ya furaha kumbe yanakuja na mengine nyuma yake, nikajikuta nasema yote: sanduku, komeo, tranka, kurukaruka, wino. "Nilikalia mimi, Mama. Nilikalia mimi."

Mama aligeuka. Nyuma yetu walikwisha kukaa watu kama kumi na tano, wapakia mbao wengi wao, waliowahi nafasi mapema. Wote walinyamaza, maana watu wakija kuangalia mpira wakakuta kesi wanasikiliza kesi kwanza. Na mlangoni alikuwa amesimama Baba, aliyetufuata baada ya kufunga karakana.

"Si yeye," Baba alisema. Akavua kofia. "Mtoto amekalia sanduku kwa sababu halifungi. Halifungi kwa sababu mfuniko umepinda. Umepinda kwa sababu mbao ilikuwa mbichi. Nilijua ni mbichi. Nilikuwa na haraka."

Leo ndio naelewa alichotoa pale. Nusu ya wanaume waliokuwa ndani ya lile banda walikuwa wateja wake. Milango yao na vitanda vyao vilitoka kwake, na maisha yake yote aliwahubiria watu kwamba mbao mbichi haina adabu, iache ikauke kwanza. Kwa seremala wa Mafinga, kukiri mbele ya wapakia mbao kwamba umeunda kitu kwa mbao mbichi ni sawa na mchungaji kukiri kwamba haombi. Kisha mmoja akauliza kwa wasiwasi, "Fundi, na mlango wangu?" Banda zima likaangua kicheko.

"Wako ni mkavu," Baba alisema. "Mkavu kuliko shukrani yako."

Mama naye alicheka, kicheko cha kwanza tangu jana yake. Alinivuta nikae kando yake, akanifuta kamasi kwa pindo la kitenge. "Maneno hayamwagiki ovyo, mwanangu. Kaa hapa uniangalizie saa." Akaanza kuandika.

Kuandika mbele ya watu ni kama kuoga mbele ya watu, aliniambia baadaye. Kila alichobonyeza kilitokea ukutani, na kila kilichotokea kilisomwa. Mwanzoni walinong'ona tu. Kisha akawapo mmoja aliyekuwa akisoma kwa sauti, polepole, kwa kuunganisha silabi. Alikuwa mpakia mbao aliyeitwa Kihwele, mtu mpana, mwenye viganja vilivyokakamaa. "'Mto-to a-li-ye-le-le-wa kwa Ki-he-he hu-o-ne-ka-na mji-nga, ku-mbe ha-ja-e-le-wa a-na-cho-a-mbi-wa.'"

Kisha akasema, "Mwalimu, hapo umeniandika mimi."

Mama akageuza shingo. "Wewe vipi?"

"Siku ya kwanza shule, mwalimu wetu akasema tukae. Wenzangu wa hapa mjini wakakaa. Mimi natoka huko ndani, Kiswahili sina, nikabaki nimesimama. Akasema tena, nikasimama. Nikachapwa kwa ukaidi. Nikadhani kumbe hapa wanachapa waliosimama vibaya, kesho yake nikasimama wima zaidi." Watu walicheka, naye alicheka. Halafu akasema, "Darasa la tatu nikaacha."

Hakuna aliyecheka tena. Mama akauliza, "Naruhusiwa kuliandika hilo?"

"Andika. Jina usiweke."

Basi akaandika, huku wengine nao wakianza kuchangia. Mmoja alikuwa akinyimwa kifungua kinywa shuleni kwa kosa la kuongea Kihehe, mwingine alivishwa kibao shingoni. Walibishana kuhusu mapendekezo yake. Walimwambia pendekezo la nne halitekelezeki, na akalifuta. Mimi niliangalia saa kama nilivyoagizwa. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama.

Saa kumi kasoro dakika mbili Mgaya akashika waya. "Mwalimu, muda."

"Aya moja tu, Mgaya. Ya mwisho."

"Oya, tumekuja mpira sisi!" akapaza kijana mmoja wa nyuma.

"Kaa," Kihwele alimwambia, bila kugeuka.

"Mechi inaanza!"

"Ianze. Mpira upo kila wiki. Acha amalize."

Mgaya alibaki ameshika waya, hajui amtii nani. Saa kumi ikafika na kupita. Vidole vya Mama vilikuwa vinakosea kwa haraka, na kila akikosea banda zima lilimsahihisha: "Mwalimu, herufi imezidi hapo." Kisha kutoka banda jingine, la ng'ambo ya barabara, ukavuma mlipuko wa kelele. Goli. Watu wetu wakatazamana kwa uchungu wa kweli, mikono kichwani. Hawakujua hata limefungwa na nani.

"Andika, Mwalimu," Kihwele alisema kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa. "Usiangalie huku."

Akaandika. Akaweka nukta. Sanga akaihamisha kazi yote kwenye flashi, Mama akaifunga flashi ile kwenye ncha ya kitenge na kupiga fundo mara mbili. Makofi waliyopiga sijui yalikuwa ya ripoti au ya waya uliochomolewa. Tulitoka nje kwenye ukungu, sisi watatu, na Baba akanibeba mgongoni japo nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kubebwa. Nilikuwa na furaha iliyojaa mpaka njaa ikanitoka.

Jumatatu kazi ilikabidhiwa Mbeya. Mama alifaulu, na cheti kilipokuja Baba alikiundia fremu, kwa mbao aliyoianika darini miezi mitatu huku akiipima kila Jumamosi.

Lakini mimi namkumbuka zaidi Mama wa Januari iliyofuata. Shule zilifunguliwa, nami nilikuwa nimetumwa kuchukua chaki darasani kwake. Watoto wapya walikuwa wamesimama katikati ya madawati, sare zikiwapwaya, wengine wametoka vijiji vya ndani na macho yamewatoka. Mmoja wao alikuwa wa Kihwele, nilimtambua kwa upana. Mama aliwaambia wakae. Nusu wakakaa. Zamani angerudia kwa sauti kubwa zaidi, nilishamsikia. Safari hii aliweka chaki chini, akasogea karibu yao, akasema tena kwa Kihehe, Kihehe kibovu cha Mnyakyusa, kilichopinda matamshi mpaka darasa zima likacheka.

Wote wakakaa.